Disleksia Shuleni: Tuanze na Cheti au Tuanze na Kufundisha?

Kwa miaka ya karibuni neno disleksia limetoka vyuo vya ualimu likaingia kwenye vikao vya wazazi, vipindi vya redio na makundi ya WhatsApp, na limeingia likiwa na maana nyingi mno. Yupo anayelitumia kwa mtoto yeyote aliyefika darasa la nne bila kujua kusoma. Yupo anayelichanganya na usonji au ulemavu wa akili. Mwingine anaamini ni ugonjwa wa macho unaogeuza herufi, na wapenzi wa filamu za Kihindi walioangalia Taare Zameen Par ya mwaka 2007 wamebaki na imani kwamba kila mwenye disleksia ana kipaji kikubwa kilichofichika. Wapo pia walimu na wazazi wasiotaka hata kuzisikia habari hizo. Kwao mtoto ni mvivu au ni mzito, na dawa yake ni tuisheni na fimbo.

Mkanganyiko huo una gharama. Wizara inapopanga bajeti, Baraza la Mitihani linapoamua nani aongezewe muda, na mwalimu wa darasa la pili anapotaka kujua aanze na nani, wote wanakutana na swali lilelile: asaidiwe nani, na kwa ushahidi gani? Majibu yanayotolewa ni manne, na kila moja lina watetezi wenye hoja. Uchambuzi huu unayapima kwa mazingira ya Tanzania hasa, na Kenya pale inapokuwa na funzo.

Disleksia ni nini

Neno lenyewe liliundwa mwaka 1887 na daktari wa macho wa Ujerumani, Rudolf Berlin, kwa ajili ya watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma baada ya ubongo kudhurika. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika British Medical Journal kuhusu kijana wa miaka 14, mwerevu na mzuri wa hesabu, aliyeshindwa kabisa kujifunza kusoma ingawa macho yake yalikuwa mazima. Watafiti walitafuta kosa machoni kwa miongo mingi. Leo wengi wao wanakubaliana kwamba kiini kiko kwenye lugha: ubongo hupata shida kutenganisha sauti zinazounda neno, kuzishika kwa muda mfupi na kuziunganisha upesi na herufi zake. Mtoto anayeanza shule na kuchanganya b na d si lazima awe na disleksia. Karibu kila anayeanza kuandika hufanya hivyo. Miwani ya rangi, ambayo huuzwa kwa wazazi kama tiba, haina ushahidi wa kutosha kwamba inaondoa tatizo.

Ripoti iliyoandaliwa na Jim Rose kwa serikali ya Uingereza mwaka 2009 iliweka mambo mawili ambayo mjadala wetu huyasahau. La kwanza, disleksia hupatikana kwa watu wa kila kiwango cha akili, si kwa wenye akili nyingi peke yao. La pili, hakuna mstari wa asili unaowatenga wenye nayo na wasio nayo. Ni kama shinikizo la damu: kila mtu analo, na madaktari ndio wanaoamua kiwango gani kianze kutibiwa kwa kuangalia madhara yake. Ndiyo maana makadirio hutofautiana. Yanayotajwa sana ni kati ya asilimia 5 na 10 ya watoto, na hutegemea mstari umechorwa wapi.

Mwelekeo wa kuwa na disleksia hurithiwa katika familia. Mzazi aliyesumbuka kusoma utotoni anayo sababu nzuri ya kumwangalia mwanawe mapema, na sababu nzuri zaidi ya kutomchapa.

Kiswahili huificha, Kiingereza huifichua

Hapa ndipo vitabu vingi kutoka nje vinapotupoteza, kwa sababu viliandikwa kwa watoto wanaosoma Kiingereza. Kiswahili kina tahajia nyoofu. Anayeshika ba, be, bi, bo, bu na ndugu zake anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu lugha za Ulaya, ulionyesha kuwa watoto wa lugha nyingi zenye tahajia nyoofu husoma maneno mepesi kwa usahihi ifikapo mwisho wa mwaka wa kwanza, ilhali wanaosoma Kiingereza huhitaji zaidi ya mara mbili ya muda huo. Miaka miwili kabla, Eraldo Paulesu na wenzake walilinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Picha za ubongo zilionyesha dosari ileile kwa wote, lakini Waitaliano walisoma vizuri zaidi kwa kuwa lugha yao iliwahurumia.

Kiswahili nacho humhurumia mtoto, na huruma hiyo ina hila. Mwenye disleksia hatasoma "kitabu" akasema "meza". Atalisoma neno, ila atalisoma polepole, silabi kwa silabi, hata mwaka wa tatu na wa nne, wakati wenzake wanalitambua kwa kulitupia jicho. Dalili kuu iko kwenye mwendo kuliko kwenye kosa. Tena maneno yetu ni marefu, na sehemu ndogo za katikati ndizo hubeba maana. Anayechoka njiani husoma "hatujawaona" palipoandikwa "hatukuwaona", hupoteza "wa" au "tu" ndani ya "wanaotusaidia", na akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Mwalimu anayemsikiliza kwa dakika moja ataridhika kwamba mtoto anajua kusoma. Akimpa imla ndipo ataona mb, nd, dh, gh na ng' zikimponyoka. Alcock na Ngorosho, waliochunguza makosa ya watoto wanaoandika Kiswahili, walionyesha mwaka 2003 kwamba tahajia nyoofu haimaanishi tahajia rahisi. Inabidi hapa kuwa makini: mtoto anayeandika "kurara" kwa "kulala", au anayedondosha h, huenda anaandika tu vile wanavyotamka nyumbani kwao.

Kisha anafika kidato cha kwanza. Historia, Jiografia na Biolojia zinafundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo herufi zilezile za "ough" hutamkwa kwa namna tofauti katika though, tough na through. Mtoto aliyekuwa akijikongoja kwa Kiswahili anaanguka. Shule inasema Kiingereza ndicho kimemshinda, na si uongo, kwani kinawashinda wengi. Lakini kwake kuna tatizo la pili ambalo halikuwahi kuonekana kwa miaka saba. Kenya anguko hilo huja mapema zaidi, maana Kiingereza huwa lugha ya kufundishia kuanzia gredi ya nne, na katika shule nyingi za mijini kabla ya hapo.

Kwa nini mwalimu hamwoni

Kipimo cha serikali Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 wa shule ya msingi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 na uandikishaji kufurika, shule nyingi za umma zimekuwa mbali na kipimo hicho, na darasa la kwanza lenye watoto 90 au zaidi si jambo la kushangaza. Humo ndani sababu za kutojua kusoma zimejaa. Wapo wasioona ubao na wasiosikia vizuri. Wapo waliotoka nyumbani na Kisukuma, Kigogo au Kimaasai bila Kiswahili, na wapo watoro wa msimu wa kilimo. Wapo pia waliougua sana: tafiti za Kilifi, Kenya, zimeonyesha kuwa malaria kali huweza kuacha athari katika lugha ya mtoto.

Halafu wapo ambao hawakufundishwa ipasavyo, nao ndio wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 tathmini za mpango wa Uwezo nchini Tanzania ziligundua kuwa takribani watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Ikiwa wanaoshindwa ni 7 kati ya 10, na disleksia kwa makadirio ya juu yanayotajwa sana ni mmoja kati ya 10, basi wengi wa walioshindwa wakati ule hawakuwa na disleksia. Hesabu hiyo nyepesi ndiyo msingi wa hoja ya kwanza.

Hoja ya kwanza: fundisheni kwanza

Watetezi wake wanasema kuzungumzia disleksia kabla ya kurekebisha KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) ni anasa. Ushahidi wao ni mzito. Kati ya 2010 na 2012, katika shule 101 za Kwale, pwani ya Kenya, watafiti walijaribu mambo mawili: kupima na kutibu malaria shuleni, na kuwapa walimu wa madarasa ya mwanzo mafunzo, mwongozo wa masomo mafupi ya sauti na herufi, pamoja na ujumbe wa simu kila wiki wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Upande wa malaria haukuleta faida katika kusoma. Upande wa walimu uliinua tahajia na usomaji, na wanafunzi walioacha shule wakapungua kutoka asilimia 5.3 hadi 2.1. Mpango wa Tusome uliosambazwa Kenya nzima kuanzia 2015 ulifuata njia inayofanana na hiyo, na Tanzania ilibadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili ili uzito wote uwe kwenye KKK.

Faida nyingine ya hoja hii haisemwi sana. Ufundishaji wa sauti na silabi kwa utaratibu, hatua kwa hatua, ndio huohuo anaouhitaji mwenye disleksia. Tofauti ni kwamba yeye anauhitaji kwa wingi na kwa muda mrefu zaidi.

Udhaifu wake uko hapohapo. Finland ina walimu waliosomeshwa vizuri, madarasa madogo na tahajia nyoofu kuliko yetu, na bado wapo watoto wanaobaki nyuma. Chuo Kikuu cha Jyväskylä kimewafuatilia kwa miongo kadhaa tangu wakiwa wachanga. Ufundishaji mzuri hupunguza idadi ya walioshindwa, na hapo hasa ndipo mwenye disleksia anapoonekana, kwani ndiye aliyebaki. Anayesema "tufundishe kwanza" bila kusema atafanya nini na aliyebaki amejibu nusu ya swali.

Hoja ya pili: pima, thibitisha, toa cheti

Wanaosimama hapa ni wazazi wengi wa mijini, wanasaikolojia, na watetezi wa haki za watu wenye ulemavu. Wanakumbusha kuwa Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Haki hudaiwa kwa jina, na asiye na jina hana pa kudai. Tena jina humtua mtoto mzigo. Mtoto aliyeitwa kilaza miaka mitano akiambiwa kwamba shida yake inajulikana, ina maelezo, na haimaanishi hana akili, huanza kujiona upya. Faida hiyo isidharauliwe na wachumi wa elimu.

Hata hivyo, cheti kinatoka wapi? Wanasaikolojia wa elimu ni wachache na wamejazana miji mikubwa, na ada zao si za mfuko wa mkulima. Vipimo wanavyotumia aghalabu vilisawazishwa kwa watoto wa Uingereza au Marekani wanaosoma Kiingereza. Kumpima kwavyo mtoto wa Namtumbo ni kumpima Kiingereza chake. Kwa miaka mingi wapimaji walitafuta pengo kati ya akili na usomaji: asiyesoma mwenye alama nzuri za akili alipewa jina la disleksia, asiyesoma mwenye alama za chini za akili akaachwa. Njia hiyo imepoteza heshima yake kitaalamu, na sheria ya Marekani ya 2004 ilizizuia serikali za majimbo kuzilazimisha shule kuitumia.

Watafiti Joe Elliott na Elena Grigorenko walikwenda mbali zaidi katika kitabu chao cha mwaka 2014, The Dyslexia Debate. Wanasema cheti hakimwelekezi mwalimu kufanya jambo lolote tofauti, kwa sababu mbinu za kumsaidia asiyesoma ni zilezile, awe na cheti au asiwe nacho. Wengi wamewapinga, hasa kwa upande wa haki na utu wa mtoto. Kwa upande wa darasani hoja yao bado imesimama. Kwa nchi yenye wapimaji wachache, mfumo unaomngoja mtu mwenye cheti utawasaidia wenye uwezo wa kukilipia na kuwaacha wengine palepale walipo.

Hoja ya tatu: kitengo maalum

Hii haihitaji maneno mengi. Baadhi ya shule za msingi zina vitengo vya elimu maalum, na mwalimu aliyesomea fani hiyo, kwa mfano katika Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, ana ujuzi ambao mwalimu wa kawaida hana. Kumhamishia mtoto huko kunampa kundi dogo na mwalimu anayejua. Lakini kwa wengi huko ni kwenda kukaa na wenye ulemavu wa akili, wakati yeye angeweza kufuata Sayansi na Hisabati za darasa lake kama angesomewa swali. Anapoteza masomo ambayo hayakuwa yakimshinda, na kijiji kinampa jina. Sera ya elimu jumuishi inayoelekea kinyume na hapo iko sahihi. Kinachohitajika ni ujuzi wa mwalimu wa kitengo umfuate mtoto darasani.

Hoja ya nne: msaada kwa ngazi

Njia ya nne haiulizi mtoto ana nini. Inauliza ameitikiaje alipofundishwa. Darasa zima linafundishwa vizuri. Anayebaki nyuma anaingizwa kwenye kundi dogo kwa dakika chache kila siku. Asiyeitikia hata hapo ndiye anayepelekwa kwa mtaalamu. Finland imekuwa ikifanya hivyo kwa upana, na karibu mtoto mmoja kati ya watano alikuwa akipata elimu maalum kwa sehemu ya muda wake katika mwaka bila kulazimika kuwa na cheti cha daktari. Wanaokwenda wakiwa wengi, anayekwenda haonekani wa ajabu.

Kwetu inaonekana kuwezekana kwa vifaa vilivyopo. Usomaji wa dakika moja unaohesabiwa maneno, na imla ya maneno kumi, mara moja kila muhula, huweza kuonyesha nani ni mwepesi, nani ni mzito, na muhimu zaidi, nani hajasogea tangu muhula uliopita. Hata teknolojia ipo: mchezo wa GraphoGame uliobuniwa Jyväskylä umetengenezewa toleo la Kiswahili na kujaribiwa Kenya, ingawa penye simu moja kwa shule nzima hautafika mbali.

Ugumu wake usifichwe. Ngazi ya pili ni ya nani? Mwalimu mwenye watoto 90 na vipindi vya asubuhi hadi mchana hana dakika hizo za kundi dogo la watoto sita isipokuwa aziibe kutoka kwa wengine 84. Wengi wataendelea na darasa, na ngazi itabaki kwenye waraka. Hatari ya pili ni kusubiri: "tumpe muda kwanza" huweza kugeuka miaka mitatu. Ya tatu ni ya kisiasa. Kisicho na jina hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakitengewi fedha. Taarifa za mitihani ya taifa huwataja wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa akili na wa viungo. Mwenye disleksia anahesabiwa na wengine wote, kisha anafeli nao.

Penye mtihani ndipo penye ugomvi

Ada ya kliniki, cheti, mabishano ya wazazi na shule, vyote huishia kwenye swali la muda wa ziada. Baraza la Mitihani la Tanzania tayari lina utaratibu katika mtihani wa darasa la saba: watahiniwa wenye mahitaji maalum, wakitajwa wasioona na wenye uoni hafifu, huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Uingereza nyongeza ya kawaida ni robo ya muda, yaani dakika 15 kwa saa. Kwa hiyo kanuni ya kuongeza muda si ngeni kwetu. Linalobishaniwa ni nani aingie.

Hofu ya udanganyifu ni halali. Cheti kikiwa tiketi ya muda, kitanunuliwa. Lakini hofu hiyo hutatuliwa kwa kuangalia somo linapima nini. Mtihani wa Kiswahili unapima kusoma. Kumsomea mtoto kifungu cha ufahamu ni kumfanyia mtihani. Swali la Sayansi linapima sayansi, na mtoto anayejua jinsi mmea unavyotengeneza chakula asikoseshwe alama kwa sababu alichelewa kulimaliza swali. Hapo kumsomea au kumwongezea muda kunaondoa kizuizi bila kumpa jibu. Vivyo hivyo Historia ya kidato cha nne: tahajia mbaya ya Kiingereza isilipwe kwa alama za Historia.

Uzito uko wapi

Kati ya hoja nne, ya nne ndiyo inayofaa kubeba mfumo, kwa sharti kwamba ikope mambo mawili. Kutoka hoja ya kwanza ichukue mpangilio wa matumizi: shilingi ya kwanza iende darasa la kwanza na la pili, kwa sababu bila hilo mwenye disleksia hatatambulika katika umati. Kutoka ya pili ichukue jina, ili disleksia iingie kwenye takwimu za shule na kwenye mafunzo ya kila mwalimu wa msingi. Shilingi ya pili ilipe mwalimu mmoja wa msaada kwa kila kata, anayezunguka shule zake kwa ratiba, maana kumwachia mwalimu wa darasa peke yake ni kumtuma asikoweza kufika. Kliniki ije mwisho, kwa wachache ambao ngazi zote zimeshindwa kuwasaidia.

Ushahidi wa muda wa ziada uwe rekodi ya shule: matokeo ya imla na usomaji ya miaka miwili, yakiwa na sahihi ya mwalimu wa darasa, mwalimu wa msaada na mwalimu mkuu. Rekodi ya miaka miwili ni ngumu kununua kuliko karatasi ya siku moja, na mtoto wa Kilwa anaipata sawa na wa Masaki, mtaa wa matajiri jijini Dar es Salaam. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inafanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, kwa hiyo mtoto asiyesoma hatakuwa na mlango wa kuishia darasa la saba. Atavushwa hadi kwenye Kiingereza cha sekondari na tatizo lake. Baraza la Mitihani lianze kwa kuitaja disleksia katika orodha ya mahitaji maalum na kutoa fomu ya rekodi hiyo. Mzazi naye asisubiri fomu: ampime mwanawe macho na masikio, kisha aende shuleni kumwuliza mwalimu mtoto anasoma kwa kasi gani, na tangu muhula uliopita amesogea kiasi gani.